Chanzo cha Wasiwasi wa Mhusika Mkuu

Tarehe kumi na nne Septemba mwaka 1974 tulipoteza nyumba yetu ya mlimani, pamoja na mlango wake, kinu kimoja na kaburi la binti yetu. Mlango na kinu vilidondoka kutoka kwenye lori mahali fulani kabla hatujafika barabarani. Kaburi halikudondoka. Lilibaki pale pale lilipokuwa. Waliobebwa ni sisi.

Milima hiyo iko kati ya Kilosa na Mikumi. Kijiji kipya cha ujamaa, ambako Serikali ilituhamishia, kilikuwa bondeni chini yake, na kwa miguu mtu alishuka akafika kabla ya chakula cha mchana. Lori lilizunguka nusu siku kwa sababu lilikuwa lori na lilihitaji barabara. Mume wangu, kabla ya kupanda, alimuuliza dereva kama breki zinafanya kazi. Dereva akasema zinafanya. Kisha mume wangu akamvuta utingo pembeni, akamuuliza kama dereva anasema kweli.

Alikuwa hivyo. Siandiki haya kumcheka. Amekwisha kufa, na alipokuwa hai nilimwambia haya haya machoni pake, naye hakukataa. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Tembo wakilia upande wa hifadhi aliamka. Wasipolia aliamka pia, ajue kwa nini wamenyamaza. Aliamini kwamba kila daraja linamngoja yeye, na kwamba mganga wa zahanati akinyamaza anapompima mtu, basi kuna jambo. Kuhusu mganga hakukosea, maana siku tulipompeleka binti yetu mganga alinyamaza, na ilikuwa surua, na mtoto hakurudi. Alikuwa hajafikia umri wa kuandikishwa shule. Alikuwa mtoto wetu wa kwanza, na ilivyokuja kuwa, wa pekee.

Mume wangu alimpandia mti wa mbono upande wa kichwani mwa kaburi na kusimika msalaba wa mti, ambao mchwa waliumaliza kabla ya mwaka kwisha. Alama ikabaki ule mbono.

Kwetu, kabla ya mbegu ya kwanza kuingia ardhini, watu hufagia makaburi yao. Hung'oa magugu, hufagia mpaka udongo uonekane, huweka unga kidogo, na sisi wa kanisani husali Baba Yetu. Mchungaji alijua habari za unga na hakuwahi kuuliza. Baada ya hapo ndipo mtu hupanda. Sikuwahi kumsikia mtu akieleza litakalompata asiyefanya hivyo, kwa sababu sikuwahi kumwona asiyefanya.

Kijiji kipya kilipangwa kwa mistari, hata mtu akikohoa nyumba ya kwanza, wa nyumba ya mwisho angeweza kumwona akiwa ameshika mdomo. Kila kaya ilipimiwa ekari. Mume wangu alilima yake mapema kuliko wengi, akaisafisha vizuri, akachoma takataka, kisha akaiacha. Mvua zilichelewa mwaka ule na watu walikuwa wakipanda kavu, mbegu ndani ya vumbi, kwa matumaini tu. Ekari yetu ilikaa tupu katikati ya mashamba yaliyopandwa.

Aliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji apande mlimani siku moja tu, akafagie. Mwenyekiti alikataa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashaka yake, na yalikuwa na sababu: wengi walioaga kwenda kuangalia makaburi walionekana wakibeba mapanga na kamba, na baadaye kule juu ukaonekana moshi wa jikoni. Alimwambia mume wangu kwamba wafu hawana haraka ila mahindi yanayo. Kisha kwenye mkutano alitangaza, bila kumtaja mtu na huku akimtazama mtu, kwamba mwenye ekari ambayo haijapandwa mpaka sikukuu ya Uhuru ipite, ekari hiyo atapewa mwingine.

Basi hali ikawa hivi. Asipopanda angenyang'anywa shamba, na chakula chetu cha mwaka kilikuwa hapo. Na kupanda hakuweza mpaka afagie. Kufagia nako alikatazwa. Watu wa kijiji walilitatua jambo hili kwa urahisi: walisema ni mvivu.

Kijiji kilikuwa na mwalimu wa watu wazima, kijana mwembamba aliyeletwa kutoka Morogoro, mwenye tabia ya kutafuna chaki akifikiri, hata mdomo wake ukawa mweupe pembeni. Alifundisha saa za alasiri katika banda la nyasi. Mimi nilikuwa najua kusoma, kwa kuwa nilifika darasa la nne katika shule ya misheni, lakini nilihudhuria, naye akanifanya msaidizi wa kuwashika mkono akina mama walioogopa penseli.

Kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru wageni walikuwa waje kutoka Kilosa, na mwalimu akatunga mchezo wa kuigiza. Ulimhusu mtu mmoja aliyeitwa tu Mzee Wasiwasi. Mzee huyo hataki kuhamia kijijini. Anaogopa tembo, anaogopa simba, anaogopa moto wa jirani na macho ya jirani. Mke wake anamsuta, bwana shamba anamshauri, mwishowe anahama, anapona, na watu wote wanaimba.

Mwalimu hakutaka tuigize kama kasuku. Alisema katika mafunzo yake alielezwa kwamba kwanza lazima mhusika mkuu achambuliwe. Alisema kila hadithi ina mhusika mkuu, na kila mhusika mkuu lazima awe na wasiwasi, maana asiye na wasiwasi angekaa nyumbani kwake akila, na hadithi isingekuwepo. Jambo hili lilinikaa. Siku hiyo akaandika ubaoni: Chanzo cha wasiwasi wa mhusika mkuu ni nini?

Watu wazima hufurahi sana kuulizwa chanzo cha wasiwasi wa mtu mwingine. Mmoja alisema ni ujinga. Mwalimu akaandika. Mwingine akasema ni mabaki ya ukoloni, na mwalimu akaandika hilo kwa herufi kubwa zaidi. Mama mmoja akasema mtu wa namna hiyo mara nyingi ana minyoo. Mzee aliyekaa nyuma, ambaye wiki ile shamba lake la kando ya mto lilikuwa limeingiliwa, akasema chanzo ni tembo. Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba tembo katika mchezo huu si chanzo, ni mfano wa hofu iliyo ndani ya nafsi. Mzee akasema kama ni hivyo, mfano huo umemmalizia maboga.

Mume wangu alikuwepo. Alitazama ubao kama mtu anayesomewa hukumu ya jirani yake, akishukuru na huku akihofu majina yamechanganywa.

Kesho yake mwalimu alikuja kwetu. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa juu ya gunia. Alisema amezunguka kijiji kizima kumtafuta mtu wa kuwa Mzee Wasiwasi na hajaona mwingine. Alitaka iwe sifa. Mume wangu akauliza kama mtu huyo anakufa mwishoni. Hapana, anapona. Anapona nini? Wasiwasi. Kwa dawa gani? Mwalimu akasita kidogo, akasema kwa wimbo. Mume wangu akanitazama mimi.

Ni mimi niliyemwambia mwalimu kwamba ataigiza, ila kwa sharti: mwalimu amwendee mwenyekiti amwombee ruhusa ya kupanda mlimani siku moja. Mwalimu alifikiri, akatafuna hewa kwa kuwa chaki aliiacha darasani, akasema mtu akifanya vizuri mbele ya wageni mwenyekiti hataweza kumkatalia. Ahadi haikuwa kubwa kuliko hiyo. Mume wangu akaikubali, akaanza mara moja kuhofu kwamba hatafanya vizuri.

Palibaki mke. Mke wa Mzee Wasiwasi alipaswa kumsuta mumewe mbele ya umati, na hakuna mwanamke kijijini aliyekuwa tayari kumtukana mume wa mtu kwenye sikukuu ya taifa. Mwalimu akapata wazo ambalo alijivunia. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, Mwislamu, aliyezaliwa upande wa Msowero, ambaye kwa ukoo wa mume wangu alikuwa mtani. Mtani anaweza kukuita mbwa mbele ya wakwe zako na ukatakiwa kucheka. Alikuwa akifika kwetu anasimama nje anauliza kwa sauti kama yule mwoga ameshafungiwa ndani au bado. Mume wangu naye alimjibu kwamba nyumba yetu haina mfupa wa kumpa. Walipendana sana.

Mwalimu aliona amelitatua jambo: matusi yatatoka kwa mwenye haki ya kuyatoa. Alilosahau, au huenda hakufundishwa, ni kwamba kwetu mtani ana kazi nyingine zaidi ya kuchekesha. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayeingia alipolazwa maiti wakati ndugu hawana nguvu. Ndiye anayesema kwenye msiba lile ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeweza kulitamka. Yeye ndiye aliyemwosha binti yetu, akamvisha, akashuka kaburini kumpokea, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa chini na mume wangu alikuwa amesimama, na hakuna kati yetu aliyeweza kufanya zaidi ya hapo. Na mtani hapewi maneno ya kusema na mtu.

Mazoezini yote yalikwenda vizuri isipokuwa mwisho. Mume wangu aliogopa kwa ustadi mkubwa. Akitakiwa kumwogopa simba ambaye hayupo, watoto waligeuka kutazama nyuma. Lakini mwishoni alipaswa kusimama katikati, kunyoosha mikono na kusema, "Ndugu zangu, sasa sina wasiwasi tena." Alilisema kama mgonjwa anayemjibu daktari. Mwalimu akamwomba aliseme kwa furaha. Akajibu kwamba furaha ameiweka kwa ajili ya wageni, hawezi kuimaliza kwenye mazoezi.

Siku ya sikukuu wageni walifika kwa Landrova wakiwa wamejaa vumbi, wakanawa, wakaketishwa. Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mwenye miwani, aliyesoma, na alionekana kuchoka na ngonjera kabla hazijaanza. Uwanjani tulisimamisha mkeka mkubwa juu ya miti miwili, na mimi nikakaa nyuma yake na karatasi za mchezo, niwakumbushe watu maneno. Mgeni alikuwa upande wa pili, karibu kiasi kwamba nilisikia kiti chake kikilia.

Mchezo ulikwenda. Watu walicheka pale walipopaswa kucheka. Mtani alimsuta mumewe wa mchezo kwa maneno ya mwalimu, na kuongeza machache ya kwake kuhusu miguu yake. Bwana shamba, aliyeigizwa na bwana shamba mwenyewe, alishauri kirefu kupita karatasi ilivyosema. Mzee Wasiwasi akahama. Akafika kijijini. Akasimama katikati, akanyoosha mikono, na kimya kikaingia.

Nilidhani amesahau. Nikamnong'oneza kutoka nyuma ya mkeka: ndugu zangu, sasa sina wasiwasi tena. Hakusema. Nikanong'ona tena kwa nguvu zaidi, hata nikasikia mtu wa mstari wa mbele akiyarudia maneno yangu ili kumsaidia. Nikachungulia. Alikuwa bado amenyoosha mikono, mdomo wazi, na uso wake ulikuwa uso wake wa nyumbani, si ule wa mazoezi. Hakuwa amesahau. Alikuwa anajaribu na haitoki. Mwalimu, pembeni, alikuwa ameweka chaki nzima mdomoni.

Ndipo mtani alipomsogelea. Hakuwa na maneno yoyote pale kwenye karatasi. Nilitafuta, sikuyaona.

"Mnamngoja aseme hana wasiwasi," aliwaambia watu. "Mtangoja mpaka kesho. Mimi ni mtani wake, namjua. Mwoga huyu. Kuku akikohoa anaamka. Lakini hili si la tembo wala simba, msidanganyike. Huyu ana mtoto wake kule juu. Nilimlaza mimi, kwa mikono hii. Mwaka huu hajafagiliwa. Mnamwambia apande. Atapandaje, na mwanawe yuko kwenye magugu?"

Watu hawakucheka. Akamgeukia mume wangu, akamshusha mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekunja nguo.

"Lia basi, mjinga wewe," akamwambia. "Wageni wanakungoja."

Akalia. Alilia pale katikati ya uwanja, mtu mzima, mbele ya bendera na mbele ya Landrova. Mimi nyuma ya mkeka sikuweza kutoka, kwa sababu nilikuwa mkumbusha maneno, na kwa sababu na mimi nilikuwa nalia.

Kisha nikasikia makofi. Yalianzia kwenye viti vya wageni. Mgeni rasmi alikuwa amesimama. Watu walipoona amesimama wakasimama, na walipoona anapiga makofi wakapiga. Wimbo wa kupona haukuimbwa, kwa kuwa hakuna aliyejua tena ni wakati gani wa kuuimba.

Katika hotuba yake mgeni rasmi aliyaweka pembeni maneno aliyokuja nayo. Alisema ameona michezo mingi vijijini, na katika yote mtu mwenye wasiwasi ni mjinga tu wa kuchekwa. Leo kwa mara ya kwanza ameona mwandishi aliyeingia moyoni mwa mhusika mkuu, akapita hofu za juu juu na kuufikia mzizi. Aliusifu sana uamuzi wa mwandishi wa kutoa jibu hilo kupitia mdomo wa mke, na zaidi uamuzi wa kumwacha mhusika kimya kwa muda mrefu namna ile. Akauliza mwandishi ni nani. Mwalimu akasimama. Nilimwona kupitia tundu la mkeka: aliwatazama mtani na mume wangu, akamtazama mgeni, akasema, "Ndugu mgeni rasmi, hii ni kazi ya pamoja." Siku zile jibu hilo halikuweza kukosolewa na mtu yeyote.

Mgeni akasema Serikali haina ugomvi na makaburi, na akaonyesha matumaini kwamba hapa kijijini jambo kama la huyu mzee wa kwenye mchezo haliwezi kutokea. Mwenyekiti alisimama kabla hajaulizwa. Akasema katika kijiji hiki kusafisha makaburi kumeruhusiwa tangu siku ya kwanza. Akaongeza kwamba mtu yeyote ambaye kwa bahati mbaya hakulijua hilo anaweza kwenda wiki hii, na ekari zitangojwa mpaka Jumatatu ijayo.

Kwa hiyo ruhusa ikapatikana, na nilidhani mambo yamekwisha. Nilifunga unga kwenye kitambaa usiku ule ule.

Jumanne mume wangu alisema mpini wa jembe umelegea. Ulikuwa umelegea kweli, akaukaza. Jumatano akasema mawingu yanaonekana vibaya upande wa juu. Alhamisi alikuwa na mguu. Sikumwuliza mguu una nini. Nilikuwa nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba mguu ungepata maelezo. Lakini nilishangaa. Huyu ndiye aliyekosa ruhusa miezi mitatu na kutazama mlima kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Sasa alipewa, na alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, mahali ambapo mlima hauonekani.

Mwalimu naye alikuwa na shida zake. Alinishika darasani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ubaoni bado kumeandikwa ujinga na mabaki ya ukoloni, na hajui kama afute. Wakaguzi wakija wakakuta kaburi limeandikwa ubaoni itakuwaje? Nilimwambia aache swali na afute majibu. Akafanya hivyo, na kwa siku kadhaa darasa zima lilijifunza kusoma likiwa chini ya swali lile lisilo na jibu.

Ijumaa baada ya swala mtani alikuja. Hakusimama nje kupiga kelele. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba, akakaa karibu na mume wangu, akamuuliza sasa anaogopa nini, maana simba wameisha na mwenyekiti ameisha.

Mume wangu alichora chini kwa kijiti kwa muda.

"Nikifika nisilione?" alisema.

Nilikuwa naanika mtama, nikaacha. Miezi yote ile, tangu lori, nilikuwa nimejiambia kwamba najua chanzo cha wasiwasi wake. Nilidhani ni magugu, na ni desturi, na ni mwenyekiti. Mgeni rasmi alidhani amefika kwenye mzizi. Hata mtani, aliyelisema uwanjani, hakuwa amelisema hili. Kumbe alipokatazwa kwenda, walau kaburi lilikuwepo, na lililomzuia lilikuwa na sura ya mwenyekiti. Ruhusa ndiyo iliyomwondolea ukuta wake. Msalaba ulishaliwa, nyumba ilishabomolewa, na mbono ni mti unaoota popote mtu anapouchomeka. Angeweza kufika na kukuta hakuna mahali. Nimesoma hadithi nyingi kiasi tangu wakati ule, za vitabu vya kuazima, na mhusika mkuu akishikwa na wasiwasi huwa siamini sababu ya kwanza anayoitoa, wala ya pili. Nangoja afunguliwe mlango, nione kama atatoka.

Mtani hakumtania. Alimwambia asipoliona amuulize yeye, kwa kuwa alishuka mle ndani, na mtu hasahau shimo aliloingia. Alisema tutaondoka kesho alfajiri, na kwamba mguu nao uje.

Tulipanda watatu. Jua lilikuwa kali kabla hatujafika nusu. Mume wangu alitembea nyuma, jambo ambalo si kawaida ya mwanamume wa kwetu, na mtani alimwambia tu kwamba simba huanza na wa nyuma. Akasogea katikati.

Mahali petu palikuwa pamebadilika kuliko nilivyofikiri. Kuta zilikuwa zimeanguka, na nyasi kavu zilifika kiunoni. Uzio wetu wa zamani, ambao ulikuwa wa mibono iliyokatwa ili itumike kama nguzo, ulikuwa umechipua wote. Kila nguzo ilikuwa mti. Kulikuwa na mibono kila upande.

Mtani, ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno, alinyamaza. Alitembea huku na huku akitazama chini. Alirudi mpaka palipokuwa mlango wetu, akasimama kama anayetoka na mzigo mikononi, akaanza kutembea tena taratibu. Kisha akasimama kwenye mbono mmoja uliokuwa peke yake kidogo.

"Hapa," alisema.

Nilimtazama usoni. Hakuwa na hakika. Alinitazama, akajua nimeona, na akaendelea kusimama pale pale. Mume wangu hakututazama. Alipiga magoti akaanza kung'oa nyasi kwa mikono, kisha akafagia kwa matawi mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Aliweka unga. Akasali Baba Yetu kwa lugha ya nyumbani, sisi tukaitikia, mtani naye akiinua viganja kwa desturi ya kwao.

Wao walipokaa kivulini kunywa maji, mimi nilisimama. Kichwani mwangu mahali palikuwa chini zaidi, karibu na kichuguu, ambapo kulikuwa na mbono mwingine ulioinamia upande mmoja. Siwezi kuapa hata leo. Nilikwenda kimya nikaanza kung'oa magugu pale, nikijificha kidogo kwa mgongo wangu. Nilisikia hatua. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na jembe. Nilingoja aniulize ninafanya nini, na nilikuwa sina jibu ambalo lingemwacha salama.

Hakuuliza. Alisogea upande wa pili wa mbono ule, akaanza kulima magugu kuelekea kwangu. Tulisafisha mpaka tukakutana. Unga uliobaki kwenye kitambaa ulikuwa kidogo, akaukung'uta wote.

Mtani alikuja akasimama akituangalia, mikono kiunoni.

"Haya," alisema. "Leo mmepata na wa pili."

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kusema hivyo na kubaki na meno yake. Mume wangu alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu akacheka kweli, akalazimika kushikilia mpini, na mtani naye akacheka, na mimi nikakaa chini kati ya nyasi zilizong'olewa nikacheka mpaka nikaumwa mbavu. Tuliteremka jua likiwa limepungua.

Jumapili tulikwenda kanisani. Jumatatu asubuhi mume wangu alitangulia shambani, akachimba mashimo kwa jembe, nami nikamfuata nikitia mbegu na kufukia kwa mguu. Tulipofika karibu na njia mwenyekiti alikuwa anapita kwa baiskeli. Alisimama, akaweka mguu mmoja chini, akaangalia ekari yetu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akasema mistari yetu imepinda.